Chupa ya maji ya birimbi

Jumatano jioni, saa ya kutazama wagonjwa, shangazi aliingia wodini na kikapu chake cha kila siku: chupa ya chai, mkate wa mofa uliofungwa kwa kitambaa, kikoi safi, na juu yake chupa ya plastiki ya nusu lita iliyosokotwa mfuko wa nailoni mdomoni isivuje. Ndani mlikuwa na maji ya kijani, mazito kidogo, yenye ukungu. Akaiweka kwenye kabati la ami, ndugu wa baba yangu, akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, hii dawa yake atapewa saa ngapi? Tangu Ijumaa hajainywa."

Ami alikuwa na siku ya nne kitandani. Mpira umetiwa shingoni, ameshaoshwa damu kwa mashine mara 2 kwa sababu figo zake zimefeli, na faili lake lilikuwa limejaa kurasa. Hakuna ukurasa hata mmoja uliotaja maji hayo. Daktari kijana aliyekuwa kitanda cha pili akasikia neno "dawa", akageuka.

"Dawa gani, mama?"

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya ami na shangazi. Majina yao nimeyaacha, na hospitali na zahanati nimeziacha vilevile, kwa sababu sitaki mtu ashughulike na nani, nataka ashughulike na nini. Mimi ni muuguzi, na nyumba yenyewe ni ya kwetu. Mti uliozaa maji yale niliukwea nikiwa mtoto, nikaanguka, na kovu ninalo gotini.

Mti wa uani

Nyumba ya marehemu bibi iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Ukipita sebule unatokea uani, na uani pana mbirimbi mmoja. Wengine huuita mbilimbi, ni mti ule ule. Si mti mkubwa. Umefika dirisha la ghorofa ya kwanza ukasimama hapo, na mbirimbi kwa kawaida hauzidi mita 10 hata ukipewa nafasi. Majani yake ni marefu, kila jani limepangwa vijani vidogo pande mbili kama uchane wa mnazi, nayo hujikusanya kwenye ncha za matawi, kwa hiyo chini mti unabaki wazi, shina linaonekana lote.

Na hapo kwenye shina ndipo pana ajabu yake. Mwembe hutoa maua nchani, mlimau hutoa kwenye vijitawi. Mbirimbi hutoa maua kwenye gome lenyewe. Gome limepasuka, jeusijeusi, lina vinundu kama vifundo vya vidole vya mzee, na kutoka kwenye vinundu hivyo huchomoza vishada vya maua madogo yenye petali 5, rangi ya damu ya mzee iliyoingia kizambarau. Ukisogeza pua karibu sana yananukia utamu hafifu. Asubuhi huanguka sakafuni, na shangazi huyafagia kabla hayajakanyagwa kwa sababu huacha doa kwenye chokaa. Wiki chache baadaye mahali pale pale hutokea mabirimbi, mafungu kwa mafungu, yamelishika shina kama watoto walioshika mguu wa mama yao. Tunda ni la urefu wa kidole, kijani cha kung'aa, ngozi laini, lina pembe 5 zisizo kali. Likianza kuiva huingia umanjano, likianguka chini hupasuka.

Asili yake ni mashariki ya mbali, visiwa vya Maluku, Indonesia. Wamalei huuita belimbing, na anayejua kusikiliza anasikia hapo jina letu likisafiri juu ya bahari ile ile iliyoleta karafuu. Jina lake la kisayansi ni Averrhoa bilimbi, alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, na Averrhoa ni heshima kwa Ibn Rushd, yule faqihi na tabibu wa Cordoba aliyezaliwa 1126 na kufa 1198, ambaye Wazungu walimwita Averroes. Ibn Rushd aliandika kitabu kizima cha misingi ya utabibu, Al-Kulliyyat. Mti wetu wa uani una jina la tabibu, na hilo lilinikaa kichwani siku zote ami alipokuwa wodini.

Bibi alikuwa na kazi 3 za mabirimbi. Ya kwanza ni mchuzi wa samaki: mabirimbi 6 hivi yaliyopasuliwa, ndani ya chungu cha watu 8, pamoja na tui la nazi. Ya pili ni achari. Hukatwa, hutiwa chumvi, huanikwa kwenye ungo juu ya sakafu ya darini siku 2 au 3 mpaka yanyong'onyee, kisha pilipili, binzari, mafuta, chupani. Mtu alikula kijiko kimoja na wali wake. Kazi ya tatu ilikuwa kusugua dele. Dele letu la kahawa ni la shaba, na kila ikikaribia Idi bibi alikuwa akichukua birimbi, analikata nusu, analichovya chumvi, anasugua. Nakumbuka weusi ukitoka kwenye shaba kwa mara moja, njia ya wekundu unaong'aa ikifuata kidole chake. Majirani walitumia lilo hilo kuondolea kutu kwenye kanzu nyeupe.

Naomba msomaji ashike kazi hiyo ya tatu. Kinachotoa kutu kwenye nguo ni asidi iliyomo, na mojawapo kubwa ni asidi ya oksaliki. Ndiyo ile ile inayotengenezwa viwandani kwa kung'arisha vyuma. Kwenye chungu cha mchuzi inagawanyika watu 8. Kwenye glasi ya ami ilikuwa peke yake.

Glasi tano na nusu

Ami ana miaka 63. Ana sukari kwa miaka 9, ana presha, na dawa zake ni za kawaida kwa mtu wa hali yake: metformini ya sukari, losatani ya presha, aspirini, na kidonge cha kuongeza mkojo. Tangu wakati wa korona amezoea pia kila asubuhi kutia kwenye maji kidonge cha vitamini C cha miligramu 1,000, kile kinachochemka. Mwezi Septemba alipimwa damu kliniki, kreatinini, ule uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa kwenye damu, ikawa 96, ambayo kwa mwanamume wa umri wake haina neno. Januari alipimwa tena mafuta ya damu, akaambiwa yamepanda, akaandikiwa dawa. Hakuinunua. Alisema vidonge vimekuwa vingi, naye hana tumbo la duka la dawa.

Hapo ndipo ujumbe wa sauti ulipoingia kwenye kundi la WhatsApp la majirani. Mwanamke mwenye sauti tulivu, Kiswahili kizuri, anaeleza kwamba maji ya birimbi yanayeyusha mafuta kwenye mishipa, na kwamba yanyweke tumbo likiwa tupu, bila sukari, bila chumvi, yakiwa mazito. Shangazi aliusikiliza mara 2. Mti ulikuwa uani, umejaa. Dawa ya bure, ya nyumbani, iliyopandwa na mama yao kwa mkono wake. Ningekuwa yeye, ningefanya alivyofanya.

Alianza kumkamulia Jumapili ya Februari, mwezi wa Shaabani, kaskazi imekolea na joto la Mombasa unalolijua. Mabirimbi 20 kwa glasi moja, yanapigwa na mashine, yanachujwa kwa kitambaa cha tui. Jumapili alikunywa asubuhi kabla ya chai. Jumatatu ami hufunga sunna, kwa hiyo alikunywa magharibi, kabla ya tende, baada ya kutwa nzima bila maji. Jumanne na Jumatano asubuhi. Usiku wa Jumatano tumbo lilimuuma, kiuno kikawa kama kimefungwa kamba, akatapika. Alhamisi alifunga hivyo hivyo na jioni akanywa tena. Akatapika zaidi. Shangazi aliniambia baadaye, bila kuficha, kwamba aliposikia anatapika alishukuru. Alidhani uchafu unatoka.

Ijumaa asubuhi walikwenda zahanati moja karibu na nyumbani. Ami alisema tumbo na kiuno. Akapewa dawa ya asidi ya tumbo na sindano ya diklofenaki ya maumivu, akarudi. Hakuulizwa anakunywa nini, naye hakusema, kwa sababu kwake maji ya tunda la uani hayakuwa kitu cha kutaja mbele ya mtu wa dawa. Usiku huo alijikaza akanywa nusu glasi.

Jumamosi hakuenda haja ndogo ila mara moja, kidogo tu, rangi ya chai. Uso ukavimba. Kwikwi ilianza baada ya adhuhuri na haikukoma, hata usingizini. Jumapili alfajiri wakanipigia simu.

Nililijua lile jagi. Hili sina budi kuliandika. Jumanne ya wiki ile nilipita kusalimia, nikafungua friji kutafuta maji baridi, nikaliona. Nikauliza ni nini, shangazi akajibu ni birimbi la ami yako. Nikasema, "Yallah, ukali wote huo," nikafunga friji, nikakaa tukazungumza habari za harusi ya binamu. Muuguzi mzima. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuunganisha, na jibu ni kwamba kwangu pia birimbi lilikuwa la nyumbani. Kitu ulichokua nacho hukipimi.

Wodini

Jumapili hospitali kreatinini ilikuwa 708. Potasiamu 6.3, kiwango cha kuogofya kwa moyo. Daktari wa zamu akasoma: sukari miaka 9, presha, figo zimefeli. Akaandika ugonjwa wa figo unaotokana na sukari, na familia ikaitwa pembeni kuandaliwa kwa habari za kuoshwa damu maisha yote.

Dhana hiyo haikuwa ya kijinga. Sukari na presha ndizo zinazojaza vitengo vya kuosha damu, na daktari anayeona wagonjwa 30 kwa zamu moja huanza na kilicho cha kawaida. Lakini haikukaa sawa na vitu 2. Cha kwanza kilikuwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro la ami huko nyumbani, anamoweka karatasi zake zote tangu 2016, zimekunjwa mara nne nne. Nilikwenda nikautafuta Jumatatu usiku. Karatasi ya Septemba ilikuwa humo: 96. Figo zinazochakaa kwa sukari huchakaa kwa miaka, namba inapanda kidogokidogo. Kutoka 96 hadi 708 ndani ya miezi 5, na dalili zote ndani ya wiki moja, ni jengo lililosukumwa. Cha pili ni ultrasaundi: figo zake zilikuwa za ukubwa wa kawaida, sentimita 10.8 na 11, hazikusinyaa kama za ugonjwa wa siku nyingi. Peke yake hiyo si hoja, maana figo za mwenye sukari zinaweza kubaki kubwa hata zikiwa mbovu. Pamoja na ile karatasi ikawa hoja.

Basi tulijua kitu kimetokea ghafla. Daktari kijana akaelekea kwenye maelezo yaliyokuwepo mezani: kutapika na kufunga vimekausha mwili, juu yake losatani na kidonge cha mkojo, juu yake sindano ya diklofenaki. Mchanganyiko huo peke yake unaweza kuangusha figo, na kila mfanyakazi wa afya anaufahamu. Kama shangazi asingekuja na chupa ile, faili lingefungwa hapo, na lingekuwa na maelezo yanayotosheleza.

Tatizo lake lilikuwa mpangilio wa siku. Maumivu ya kiuno yalianza Jumatano usiku. Sindano ilichomwa Ijumaa. Kwa nini alitapika Jumatano? Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyelijibu kwa siku nne, na jibu lilikuwa limesimama kwenye kabati ndani ya chupa ya nusu lita.

Daktari alimkalisha shangazi kitini. Hakumkaripia. Alimuuliza mangapi, mara ngapi, kabla ya chakula au baada, na akaandika kila jibu. Glasi 5 na nusu, mabirimbi kama 110. Nikapiga hesabu kichwani: michuzi 18 ya bibi, ya watu 8 kila mmoja, imepita kwenye figo za mtu mmoja ndani ya siku 6. Shangazi alipoona namba inaandikwa alianza kulia. "Mimi ndiye niliyekamua. Kwa mikono yangu hii." Ami, aliyekuwa kimya kwa siku nne, akanyoosha mkono akamshika kidole gumba, kama anavyomshika wakivuka barabara.

Kinachotokea ndani

Asidi ya oksaliki ikifika kwenye damu hutafuta kalsiamu na kushikana nayo. Kinachozaliwa ni oksalati ya kalsiamu, fuwele zisizoyeyuka. Kwa kiasi kidogo hilo ni jambo la kila siku. Mchicha una oksalati pia, na mwili hutoa inayobaki kwa mkojo. Kikiwa kingi kwa mara moja, fuwele zinajipanga ndani ya vijimfereji vya figo, zinavikwaruza na kuviziba. Figo inaacha kuchuja. Ni kama mchanga uliomwagwa kwenye mfereji wa sinki.

Kila kitu kwenye maagizo ya ule ujumbe kilikuwa kimeelekea upande wa madhara, ingawa nina hakika mama yule alikuwa na nia njema. Tumbo tupu: ukila oksalati na chakula chenye kalsiamu, maziwa kwa mfano, sehemu yake hushikana tumboni na kutoka na choo kabla ya kufika kwenye damu, lakini tumbo tupu halina cha kuizuia. Yawe mazito: kipimo kikapanda. Ami akaongeza yake bila kujua. Kufunga katika kaskazi kulipunguza mkojo, na mkojo mchache ndio unaofanya fuwele zikae. Vitamini C nayo ikizidi mwilini sehemu yake hugeuka oksalati. Kidonge cha kuongeza mkojo kilimkausha zaidi. Kisha sindano ikaja juu ya figo ambayo tayari ilikuwa imejaa.

Kisa cha namna hii si cha kwanza duniani. Kerala, kusini mwa India, ambako birimbi huitwa irumban puli na humea kila ua kama kwetu, madaktari walichapisha mwaka 2013 habari za wagonjwa 10 kutoka hospitali 5 waliofeli figo ghafla baada ya kunywa maji ya tunda hilo. Saba walihitaji kuoshwa damu, 3 walipata nafuu bila hilo. Kule nako maji yake hunywewa kwa ajili ya mafuta ya damu. Bahari moja, mti mmoja, mazoea yale yale, na glasi ile ile. Daktari kijana alinisomea ripoti hiyo kwenye simu yake tukiwa tumesimama kwenye korido, na nilihisi mwili umenisisimka, kwa sababu ningeweza kubadilisha majina ya mitaa ikawa ni Kibokoni.

Ndugu wa karibu wa birimbi, karambola, lile ambalo ukilikata linatoa nyota, lina hatari yake zaidi ya oksalati: watafiti wa Brazil mwaka 2013 waliitambua sumu yake inayoshambulia ubongo, wakaiita karamboksini. Mgonjwa wa figo akilila anaweza kuanza na kwikwi isiyokoma akaishia kuchanganyikiwa na kupata kifafa. Kwikwi ya ami ingeweza kutokana na uchafu wa damu tu, maana figo zikifeli kwikwi huja. Hata hivyo daktari aliagiza aangaliwe akili kila baada ya saa 4, na mimi naona alifanya vyema.

Je, tulithibitisha? Mkojo ulipopimwa kwa hadubini ulikuwa na fuwele za oksalati ya kalsiamu, zile za umbo la bahasha. Hizo hupatikana hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo hazikati shauri. Kinachokata shauri ni biopsi, kipande cha figo kichukuliwe na kutazamwa. Ami anakunywa aspirini, hatari ya kuvuja damu ilikuwepo, na kufikia wakati ule mkojo ulikuwa umeanza kurudi. Daktari akaamua kutomchoma. Nakubaliana naye. Kwa hiyo kisa hiki kinasimama juu ya mpangilio wa siku, kiasi alichokunywa, karatasi ya Septemba, na jinsi alivyopona. Kama ningelazimishwa kugawa lawama, ningesema birimbi lilianzisha, ukavu ukakaza, sindano ikamalizia. Metformini haikuangusha figo, ila ilibidi isimamishwe kwa sababu figo zisipofanya kazi hujilimbikiza.

Mtu anaweza kuuliza chupa ile ilibadilisha nini, maana kuoshwa damu kulishaanza na kungeendelea vilevile. Ilibadilisha mambo 2 makubwa. Familia iliambiwa upya: hili huenda likarudi nyuma, msiuze kiwanja. Ndiyo, kulikuwa na mazungumzo ya kiwanja cha Kisauni. Na la pili, shangazi alikuwa amepanga amalize naye zile siku 40 zilizotajwa kwenye ujumbe. Angetoka hospitali na kuikuta glasi mezani.

Baada ya hapo

Alioshwa damu mara 5 kwa jumla. Siku ya tisa mkojo ulifika lita moja na nusu, na nesi wa zamu ya usiku, aliyekuwa akipima chombo, aliniita nije nione kwa macho yangu. Mpira wa shingo ulitolewa siku ya kumi na mbili. Kreatinini alipotoka ilikuwa 264, wiki 6 baadaye 139, miezi 3 baadaye 121. Haijarudi 96, na huenda isirudi. Ameambiwa dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki asiziguse tena, vitamini C ya kuchemka ameiacha, funga ya Ramadhani ya mwaka ule alilipia fidia kwa ushauri wa daktari na sheikh wake. Dawa ya mafuta anaimeza sasa. Ni kidonge kimoja usiku.

Alipofika nyumbani alikuta shangazi ameshaongea na fundi wa panga. Alitaka mbirimbi ukatwe wote mpaka kwenye kisiki. Ami alikaa barazani, bado miguu haina nguvu, akamwambia fundi anywe kahawa aende zake. "Mama alipanda mti wa mchuzi," akasema. "Sisi ndio tuliougeuza." Mimi niko upande wake. Nimeona watu wakisema birimbi ni sumu, na hilo si kweli. Kijiko cha achari kwa mtu mwenye figo nzima hakijawa shida. Anayejijua ana ugonjwa wa figo, au amewahi kupata mawe ya figo, aliache kabisa, na ami sasa ni mmoja wao: kwenye nyumba ile siku hizi hupikwa vyungu 2 vya mchuzi wa samaki, cha birimbi na kidogo cha ndimu.

Wodini kwetu tumebadilisha swali moja. Tulikuwa tukiuliza, "Unatumia dawa gani?" Wagonjwa wanataja za duka. Sasa tunauliza, "Unakunywa nini nyumbani, cha kuchemsha, cha kukamua, cha kuloweka?" na tunangoja, hata ikichukua dakika. Majibu tunayopata ningehitaji kuyaandikia kurasa nyingine.

Mwezi wa Mei shangazi alinikabidhi simu yake akanitaka nimshikie kile kitufe cha kurekodi. Alianza mara 3. Mara ya kwanza alilia, ya pili alisahau idadi ya glasi, ya tatu akasimulia yote kwa utaratibu, tangu Jumapili hadi chupa ya wodini, bila kumtaja aliyeleta ujumbe wa kwanza. Akautuma kwenye kundi lile lile. Baada ya isha akapigiwa simu na mama mmoja wa Kuze. Mumewe alikuwa na siku ya pili, glasi 2, na jagi lilikuwa limejaa kwenye friji. Nilikwenda nao kesho yake asubuhi kupima damu. Ilikuwa 88.